Koki Iliyofungwa

Jumatano saa mbili asubuhi, mchoma matofali alikuta pikipiki imefunikwa majani makavu nyuma ya tanuri lake. Ilikuwa ile kuukuu ya mkunga, iliyoibwa jana yake mchana kwenye karakana ya Fundi Mluzi. Walimwita hivyo kwa sababu jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, alizisafisha kwa kuzipuliza kwa mdomo mpaka zilie.

Sajini alifika, akachuchumaa, akamtazama mnyama yule wa chuma kwa muda bila kumgusa. Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya hewa ya kabureta, akaikaza hadi mwisho huku akihesabu. Robo tatu ya mzunguko. Akairudisha ilivyokuwa, akafungua koki, akapiga kiki. Injini ikanguruma taratibu, ikatulia. Yote akayaandika daftarini.

Karakanani, Fundi Mluzi alieleza yaliyotokea. Asubuhi ya jana aliosha kabureta, akaweka sindano mpya ya boya, ile inayozuia petroli kufurika, maana ile ya zamani ilivuja. Skrubu aliiacha mzunguko mmoja na nusu, kama pikipiki zote. Ikawa inazimazima. Saa saba akaenda kula, ufunguo kaacha palepale. Kurudi saa saba na nusu, patupu.

"Koki uliifunga?"

"Niifunge ya nini, afande? Haivuji tena."

Mkuu wa kituo alikwisha kata shauri: fundi kaiuza mwenyewe, awekwe ndani kabla ya saa kumi.

"Nikilala ndani siku moja tu," Mluzi alisema, "hakuna atakayeniachia hata baiskeli."

Mkunga tangu alfajiri ya jana alikuwa zahanati akizalisha, naye ana mashahidi wanne. Alisema koki hufungwa kila injini ikizimwa, tangu enzi za marehemu mumewe, la sivyo petroli yote huishia chini. Shemeji yake seremala, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amemsindikiza, alisema yeye pikipiki ile hajawahi hata kuikalia.

Akabaki Fundi Spidi wa ng'ambo ya barabara. Alionekana saa saba na dakika kumi akitoka kwa Mluzi, na wawili hao hawasalimiani. Alidai alikwenda kuazima spana.

"Kwa mtu unayemwita mpiga filimbi?"

"Spana haina ugomvi, afande."

Saa tisa Sajini akawaita wote karakanani, alikokuwa ameirudisha pikipiki. Skrubu alikwisha irudisha kwenye mzunguko mmoja na nusu. Akamwambia Spidi aitulize injini. Spidi akahangaika, akaishia mmoja na robo, ikamzimikia. Akajifuta mikono, akaenda zake kukaa pembeni. Koki aliiacha wazi.

"Haya, nani mwingine mwenye nguvu?" Sajini akauliza kama mtu aliyechoka. "Seremala, nisogezee pikipiki ukutani."

Seremala akaisukuma, akaisimamisha. Kisha mkono wake wa kushoto ukashuka chini ya tangi, ukafunga koki. Hakuutazama. Aliutazama baadaye, alipoona watu wote wanautazama.

"Na hujawahi hata kuikalia," Sajini alisema.

Seremala akakaa juu ya tairi bovu. Akaeleza bila kuhimizwa. Yeye na kaka yake waliinunua ikiwa chuma chakavu, wakaiunda upya kwa miaka miwili. Alisikia kwamba mkunga anaiuza, na mnunuzi anakuja Ijumaa hii. Jana alipita, akaiona peke yake, ikamzimikia mara mbili kabla ya kona. Akasimama akaiweka sawa kwa sikio, robo tatu ya mzunguko kama alivyozoea, kisha akaificha nyuma ya tanuri.

"Si ungeniomba, shemeji?" mkunga aliuliza.

"Kwa mdomo upi? Uleule niliokutukana nao mazikoni?"

Mkunga akageukia mlango. Akasema Ijumaa mnunuzi atarudi mikono mitupu, lakini hakusema pikipiki itakuwa ya nani.

Saa tisa na dakika arobaini Sajini akamwinua seremala. Fundi Mluzi, ambaye sasa angelala kwake, akawazuia mlangoni, akamgeukia seremala.

"Robo tatu kwa nini? Nimeanza kazi hii kabla hujaota ndevu."

"Mpira unaoshika kabureta una ufa, upande wa chini. Hewa nyingine inapitia humo. Ukifungua skrubu kama za wenzake, inakabwa na upepo."

Wakaenda. Mluzi akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya mpira. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Akaisogeza skrubu hadi robo tatu, na koki akaiacha imefungwa.