Mpinzani Wangu Alikuwa Kaburini

"Nani huyu anayekuita binti yangu?" nilimuuliza Anthoula, simu yake ikiwa mkononi mwangu.

Alikuwa akinipigia pasi shati jeupe. Zilibaki saa mbili nibatizwe Kiorthodoksi, niache kuitwa Besnik, kisha mwezi ujao tufunge ndoa hapa hapa Volos, Ugiriki.

Nikamsomea ujumbe wenyewe: "Binti yangu, leo jina la Loukas wangu litatajwa tena kanisani. Ubarikiwe. Despina."

Loukas! Jina la ubatizo alilonichagulia Anthoula mwenyewe, akidai ni zuri tu, na wateja wangu wa vigae hawatalisahau.

"Loukas ni nani?"

Akaizima pasi.

"Alikuwa mchumba wangu. Pikipiki ilimuua miaka tisa iliyopita. Despina ni mama yake."

"Kumbe nina mwenzangu!"

"Besnik, ameshakufa!"

"Angekuwa hai ningemtia ngumi. Huyu nitampigia wapi?"

"Mama yake hana mtoto mwingine. Alinililia. Nikaona, ni jina tu, lina kosa gani?"

"Na ukiniita chumbani, utakuwa unamwita nani?"

Akaanza kulikunja shati.  Nikatoka bila shati hilo.

Kanisani nilimkuta Padri Anestis akijaza maji ya uvuguvugu kwenye beseni kubwa la ubatizo.

"Hakuna ubatizo leo, Padri."

"Maji nimeshayapasha, kijana."

Simu yangu iliita mara tatu, sikupokea. Kisha ujumbe: "Niko nje. Toka usikie kwa masikio yako."

Nikatoka. Anthoula alisimama na bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi, ameshika mshumaa mrefu wa ubatizo wenye utepe.

"Mama Despina," Anthoula alisema, sauti ikitetemeka, "nilikuahidi kitu kisicho changu. Huyu si Loukas. Nilimpenda kwa jina alilokuja nalo kutoka Albania. Nisamehe."

"Kwa hiyo umemsahau mwanangu?"

"Sijamsahau, mama. Lakini siolewi naye."

Bibi akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Na wewe mwanamume mzima, unamwonea wivu marehemu?"

"Ndiyo, mama. Namwonea."

Akacheka kidogo, machozi yakimtiririka.

"Angalau husemi uongo," alisema. Akamkabidhi Anthoula mshumaa, akashuka ngazi taratibu. Hakugeuka. Roho iliniuma, lakini sikumwita.

Tuliporudi ndani, Padri akauliza, "Jina lake?"

Fotini, shangazi yake Anthoula na mama yangu wa ubatizo, aliyekuwa ameshafika, akanikodolea macho. Hatukuwa na jina jingine.

"Vissarion," nikasema. Ni mtakatifu wa mkoa wetu huu wa Thesalia, na masikioni mwangu jina lake ni jirani wa Besnik.

Nikamwagiwa maji mara tatu, nikapakwa mafuta, nikavikwa joho jeupe. Anthoula akanijia, macho mekundu.

"Hongera, Vissarion."

"Sema tena."

"Vissarion wangu."

"Hakuna mwingine unayemjua mwenye jina hilo?"

"Yupo muuza samaki kule sokoni. Ana miaka themanini na mbili."

"Ana mke?"

"Mjane."

"Kuanzia leo," nikamwambia, "samaki nitanunua mimi."