Kicheko Kilichoogopwa

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni na kuingia ndani kwa kunyata. Jina hilo alipewa na wateja wa mama yake, fundi cherehani, kwa sababu alikuwa mwembamba na aliishi katikati ya nyuzi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani dirishani, meza ya kukatia, nguo za watu zikining'inia ukutani. Nyuma ya pazia, ndani ya kapu kubwa, alilala mdogo wake wa miezi minane.

Kazi ya Sindano ilikuwa kumlea mtoto mpaka mama amalize kushona. Alimlisha uji, akambadilisha nepi, akampangusa mdomo. Kisha alimgeuza aelekee ukutani, akaketi na daftari lake bila kusema hata neno moja. Mtoto akimtafuta kwa macho, yeye aliinama.

Msidhani alikuwa na roho mbaya. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtisha. Miaka miwili nyuma palikuwa na mtoto mwingine, wa kike. Siku moja Sindano alicheza naye mchana kutwa, akijifunika uso kwa kitambaa na kujitokeza ghafla, na mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kesho yake akapandwa na homa. Wakampeleka hospitali kubwa, na hakurudi.

Hakuna aliyemweleza Sindano chochote. Watu wazima walinong'ona, na kila aliposogea wakanyamaza. Basi akajijibu mwenyewe: nilimchekesha mno. Tangu hapo kicheko kile hakikumwacha. Cherehani iliponyamaza alikisikia nyuma ya pazia, kisha kwikwi, kisha kimya. Mama naye aliacha kuimba akishona. Nyumba ikatulia kama maji ya mtungini.

Siku ya kliniki, Sindano alifuatana na mama yake kubeba mkoba. Muuguzi alimpima mtoto uzito, akaridhika. Akachezesha funguo zake kando, na mtoto akageuka. Akamsemesha, mtoto akamkodolea macho tu.

"Masikio yanasikia," alisema muuguzi. "Lakini mbona hatoi sauti? Wenzake saa hizi wanapiga kelele kama wako mnadani. Nyumbani anacheza na nani?"

"Na dada yake," mama alijibu. "Mimi kazi imenibana, nesi."

"Haya, binti, mnacheza nini?"

"Michezo... mingi," alisema Sindano, akitazama sakafu.

Muuguzi akachukua kalamu. "Kama anachezeshwa na bado yuko hivi, nitawaandikia mwende hospitali kubwa akachunguzwe."

Hospitali kubwa! Sindano akaushika mkono wa muuguzi. "Usiandike! Nimesema uongo. Sichezi naye, wala simsemeshi. Yule wa kwanza nilimchekesha, akafa. Huyu sitaki afe."

Mama aliketi kwenye benchi kana kwamba amesukumwa. Muuguzi akaweka kalamu chini, akauliza polepole, "Mama, yule aliugua nini?"

"Homa ya mapafu," mama alisema, machozi yakimdondoka. "Alikuwa akikohoa siku tatu kabla. Nilidhani ni mafua tu. Sijawahi kumwambia mtu."

"Umesikia, mwanangu?" muuguzi alimwambia Sindano. "Kicheko hakiui mtoto. Wewe ulimpa yule mdogo wako siku nzuri." Kisha akawageukia wote wawili. "Huyu hahitaji midoli ya dukani. Mkimwogesha, mtajieni mkono, mtajieni mguu. Akae panapoonekana nyuso za watu. Akitoa sauti, mjibuni. Mumlete tena baada ya wiki nne, tuone."

Waliporudi nyumbani wakafagia pini zote chumba cha mbele, wakatandika mkeka mbali na mkasi, mtoto akahamia huko. Siku za kwanza Sindano alimtajia vitu kwa sauti ya chini. "Hiki ni kijiko. Hili ni bakuli. Yule ni mama, anatafuta chaki aliyoikalia." Midomo ya mtoto ilipoanza tu kutabasamu, Sindano alikatiza kwa woga.

"Endelea," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

Aliendelea. Mtoto akajifunza kugonga bakuli la plastiki kwa kijiko, hata mteja mmoja akauliza, "Fundi, siku hizi umeajiri mpiga ngoma?"

Wiki ya tatu, mchana mmoja, mama aliacha cherehani, akapiga magoti mkekani, akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa. Sindano alitaka kupiga kelele amzuie. Kitambaa kikaanguka, na mtoto akacheka. Akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kilikuwa kicheko kilekile. Sindano akakimbilia uani na kulia.

Asubuhi iliyofuata aliamka akabaki amefumba macho, hathubutu kutazama kapu. Kimya. Akahesabu pumzi zake. Kisha ikasikika: "Ba-ba-ba-ba!"

Alipofumbua macho, alimkuta mama ameketi kando ya kapu, macho mekundu, kiganja kwenye paji la uso la mtoto.

"Hana homa," mama alinong'ona. "Na mimi usiku kucha nilikuwa nikiisubiri kama wewe."

Akampakata mtoto, akamwita Sindano akae karibu. "Mwanangu, kila mmoja wetu alificha hofu yake, na aliyeumia ni huyu asiyejua lolote. Mtoto hakui kwa uji peke yake. Hukua kwa kusemeshwa na kuchezeshwa na watu wake. Na wewe, jambo likikukaa moyoni, liseme. Ungelisema mapema, nami ningesema langu, tusingempotezea miezi yote hii."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, alilitaja jina la binti yake aliyefariki, akaanza kumsimulia mtoto habari za dada yake: jinsi alivyopenda kuvuta nyuzi, na jinsi alivyokuwa akicheka.