Siku Stendi Haikufyatuka

Pikipiki iliangukia kulia. Kama hujawahi kumiliki pikipiki utaniuliza, sasa hapo ajabu iko wapi? Ngoja nikwambie. Stendi ya pembeni iko upande wa kushoto. Ukishaikunjua, chombo chote kinalala kidogo upande huohuo na kuiegemea. Stendi ikifyatuka, kinaanguka kushoto. Kulia hakiendi mpaka kivutwe.

Msumari hayo hakuyawaza. Msumari ni jina alilopewa na wenzake kwa wembamba wake, na kazi yake ilikuwa kusambaza mikate ya tanuri kwa pikipiki kuukuu, tangi limechubuka, taa ya mbele imefungwa kwa waya. Mchana huo aliacha makreti tanurini kama kawaida, akarudi nyumbani jua likiwa utosini, akaegesha uani chini ya kivuli cha ukuta, akaingia kunawa. Hajamaliza hata kujifuta uso, akasikia kishindo. Alipotoka alikuta pikipiki imelala, kioo kimepasuka, petroli inatiririka.

"Hiyo stendi yako itatuulia mtoto," mkewe akasema kutoka kibarazani, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Hakuwa akitania. Mtoto alikuwa mmoja tu, Kidoti, binti wa miaka sita, waliyejaliwa baada ya kuzika wawili. Na mahali pake pa kuchezea palikuwa hapohapo kivulini, upande wa kulia wa pikipiki.

"Springi imechoka tu, mama. Nitaifunga mpira."

Akaifunga kwa utepe wa mpira wa tairi, kama wafanyavyo wote wenye pikipiki za zamani. Kesho yake ikaanguka. Akaweka jiwe bapa chini ya mguu wa stendi ili isizame mchangani. Ikaanguka. Akasogeza pikipiki ikagusa ukuta kabisa, na siku hiyo iliangukia palepale alipokuwa amekaa Kidoti na vifuniko vyake vya chupa. Iliteleza ikapita shibiri moja tu na mguu wake. Mama mtu alipiga yowe, akatupa nguo ya watu chini, akamnyakua mwanawe na kumpapasa mwili mzima kama anayehesabu mifupa.

Kidoti hakulia. Alimshangaa mama yake.

"Si stendi, mama. Ni yule mtu akishuka."

"Mtu gani?"

"Anayekuja na baba mchana. Anasema hapo nyuma pana nafasi yangu pia."

Mama Kidoti akamtazama mumewe. Mume akacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa kavu, halikufika popote.

"Watoto bwana," akasema.

"Usinichekee hapa," mkewe akanong'ona. "Hunusi?"

Msumari akanusa. Chini ya harufu ya petroli palikuwa na harufu nyingine, ya mtungi uliosahauliwa na maji yake ndani, maji ya siku nyingi. Ilitoka kwenye kiti cha nyuma.

Fundi wa pikipiki alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyeamini kwamba wateja wote ni waongo. Alichuchumaa, akaikagua stendi, akaguna.

"Nani anakaa juu yake ikiwa imeegeshwa?"

"Hakuna mtu."

"Kaka, usinifanye mtoto. Huu mguu umepinda kwa uzito. Mmekaa wangapi? Watatu? Mko harusini?"

Akaikata, akachomelea mguu mpya wa chuma kinene, akatia springi mpya. "Sasa hata ukipandisha ng'ombe haifyatuki," akajigamba, akaiegesha katikati ya karakana na kurudi nyuma aitazame kazi yake.

Wote wawili waliona. Kiti cha nyuma kilibonyea. Shokapu zikashuka taratibu, springi zikilalamika kiii, mpaka zilipogota, zikatulia hapo, na hakuna kitu juu ya kiti ila vumbi. Ile stendi mpya ilitetemeka, ikahimili. Kisha pikipiki ikaanza kwenda kulia, polepole, jinsi inavyokwenda mtu mzima anapoteremka, na Msumari akaidaka kabla haijafika chini.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

"Iondoe hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda kwa kinyozi wa pale kwenye kona. Mchana ananyoa, lakini watu wenye mambo kama haya humwendea. Nenda sasa hivi, ndugu yangu."

Kinyozi alimsikiliza huku akimnyoa mzee mmoja aliyesinzia.

"Ulimpakia wapi?"

"Sijapakia mtu! Mimi nabeba mikate."

"Na kabla ya mikate?"

"Nilibeba abiria."

"Ukiwasha pikipiki huwa unasema nini?"

Kuna mazoea hayamtoki mtu aliyewahi kuita abiria. Kila akiwasha, hata peke yake, hata barabara ikiwa tupu, mdomo wake ulisema wenyewe, "Panda twende!" Alisema bafuni, alisema usingizini, mkewe alishamcheka mpaka akachoka. Akakumbuka mchana mmoja, pikipiki ilimzimikia njia panda ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, hapana mtu, hapana hata kunguru. Akapiga kiki mpaka ikawaka, na kwa furaha akapaza sauti kuliambia pori.

"Basi alipanda," kinyozi akasema. "Hukumuuliza aendako, akaja kwako. Sasa amemwona mwanao, na huyo abiria hataki kuondoka mikono mitupu."

Msumari aliteleza kwenye kiti. "Mtoto wangu nina mmoja."

"Ndiyo maana nisikilize vizuri. Kesho mchana, jua lilelile. Mama na mtoto wakae ndani, mlango umekomewa. Wewe kaa kwenye pikipiki, ikiwa kwenye stendi, kimya, usiseme neno. Atapanda. Mrudishe ulikomtoa, mwambie tumefika, akishuka ondoka kwa njia nyingine. Usigeuke nyuma. Atalia, atakubembeleza, ataiga sauti ya yeyote umpendaye. Usigeuke."

Kesho yake Msumari akambusu Kidoti utosini, akasikia komeo likishuka nyuma yake, akaenda kukaa juu ya pikipiki kivulini, mlango ameupa mgongo. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Uani palikuwa kimya, hata cherehani ya mkewe ilinyamaza. Alikaa akiisikilizia ile stendi, maana alijua uzito ule ukipanda atausikia kwanza pale chini, kwenye chuma.

Stendi haikulia. Kiti cha nyuma kilibonyea kidogo tu, kidogo mno, na pikipiki haikuyumba wala kwenda kulia, ilisimama imara kama alivyoahidi fundi. Msumari akashusha pumzi. Maneno ya kinyozi yameanza kumkondesha, akajiambia. Akawasha, akauma ulimi, akaondoka.

Walipoacha nyumba za mwisho nyuma yao, vidole viwili vitatu vilimshika shati ubavuni, vidogo, vyenye joto, na nywele za kisogo zikamsimama. Barabara ya vumbi ilirefuka mbele yake chini ya jua lile lisilo na kivuli, na nyuma ya shingo yake sauti ikaanza, chini kwa chini, ikisema baba, twende nyumbani, baba, nimesahau ndala zangu, baba, naogopa, kwa kithembe kilekile cha jino lililong'oka juzi, hata akasikia macho yakimjaa maji na shingo ikianza kugeuka yenyewe, akaikaza, akaukaza na moyo, akijikumbusha kwamba mwanawe yuko nyumbani nyuma ya mlango wa komeo, mapajani pa mama yake, na kwamba huyu mlaaniwa anaijua hata hiyo sauti, hata hilo jino, na akitaka Kidoti aishi lazima asimwonee huruma.

Njia panda ya machimbo. Akasimama, akakunjua stendi, macho mbele.

"Tumefika," akasema. "Shuka."

"Baba, hapa hakuna mtu."

"Shuka!"

Kilichoshuka kilishuka upande wa kushoto, kwa kuteleza, jinsi anavyoshuka asiyefikia chini. Msumari hakungoja. Alivuta mafuta, na sauti ile ikamfuata ikikimbia, baba, baba, usiniache, hadi mngurumo wa injini ulipoifunika. Akapita njia nyingine. Alilia njia nzima, na alipokuwa akilia alianza kucheka, kwa sababu kiti kilikuwa chepesi na harufu ya mtungi haikuwepo tena. Haikuwepo tangu walipotoka nyumbani.

Aliegesha uani, akagonga mlango kwa viganja viwili. "Fungua, mama! Ameshuka! Tumepona!"

Komeo likapanda. Mkewe akachungulia, uso umechanua, akatazama nyuma ya mumewe, akatazama tena.

"Kidoti yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?"

"Baba Kidoti, usinitanie. Umemwita mwenyewe. Umenong'ona mlangoni kwamba kinyozi ameagiza mtoto naye awepo, akatoka mbio hata ndala hakuvaa." Akamshika shati, palepale ubavuni. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Ilikuwa sauti yako. Mtoto yuko wapi?"

Msumari akageuka, akakimbilia pikipiki, na kabla hajaifikia akakiona kiti cha nyuma kikishuka, taratibu, kizito, mpaka shokapu zilipogota, na ile stendi mpya ya chuma kinene ikapinda, pikipiki ikainama kushoto, na uani kukajaa harufu ya maji ya siku nyingi. Hakwenda popote yule. Alikuwa amekaa hapo nyumbani, akimngoja mwenye chombo arudi.

Msumari hakukimbia. Aliinua pikipiki, akaikalia, mgongo wake ukiwa umeegemewa na kitu baridi, akapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ikawaka.

"Nimemwacha machimboni," akasema. Hakuwa akisema na mkewe. "Wewe unapajua kuliko mimi. Nionyeshe alipo, kisha nipeleke mimi utakako."

Pale nyuma, kitu kikajisogeza, kikakaa vizuri. Wakaondoka.