Samaki wa Mwenyekiti Halvick

"Skaar. Kahawa imepoa."

Sauti ya Mheshimiwa Aili Kangas ilikwaruza katika kifaa cha sikioni. Fumbo hilo lilikuwa na maana moja: Halvick, mwenyekiti wa kamati, ameamua kuuzika mswada wa Kangas leo saa saba mchana. Mswada ukifa, sumu za viwandani zitaendelea kumwagwa Ziwa Torvik, na nusu ya kaunti hunywa maji ya ziwa hilo.

"Nipe muda, Mheshimiwa."

Wakala wa siri Skaar aliwasha Ski-Doo yake, pikipiki ya theluji.

Barafu iliyolifunika ziwa ilijaa vibanda vya wavuvi. Kimojawapo kilikuwa kinamwaga uchafu ule. Wiki nzima alikuwa akigonga milango, bia mkononi, akiuliza swali wanaloulizana wote pale, kama samaki wanadonoa chambo.

"Wanakula?"

"Wapi! Nimekaa kama gogo tangu asubuhi," alijibu mzee mmoja. Nyuma yake ndoo ilijaa samaki hadi pomoni.

Skaar alicheka. Mvuvi wa Minnesota hamwambii mpita njia kwamba samaki wanakula. Kamwe.

Akafika kibanda cha rangi ya chungwa.

"Wanakula?"

"Wanakula balaa, dada. Njoo kesho nikugawie," sauti ya mwanamume ilijibu kutoka ndani.

Huyo hakuwa mvuvi.

Skaar aliupiga mlango teke. Bastola ya Glock mkononi.

"Lala chini. Mikono niione."

Bomba nene lilitoka kwenye mapipa likazama ndani ya tundu la barafu. Uji mweusi ulitiririka, ukinuka mayai viza. Samaki walielea matumbo juu. 

Yule mtu alicheka akiwa kifudifudi. "Chukua sampuli zako, dada. Majibu ya maabara ni wiki tatu. Leo saa saba yamekwisha, na mwenye nyundo ni wetu."

Mwenye nyundo ya kamati. Halvick.

Askari wa wanyamapori aliowaita walipofika na kumfunga pingu yule mtu, Skaar alimwita Kangas redioni.

"Nimewapata. Ila bosi wao amekaa mbele yako."

"Ushahidi?"

"Maabara. Wiki tatu."

"Basi tumekwisha, Skaar."

"Bado. Yeye si hujisifu kwamba kila mwaka anakula samaki wa Torvik?"

"Sasa hivi anawaambia waandishi wa habari. Natamani kutapika."

"Hutubu, Mheshimiwa. Hutubu mpaka nifike."

Kangas alihutubu. Alisimulia hata mafua ya bibi yake. Halvick alikuwa ameshainua nyundo Skaar alipoingia ukumbini, buti zikidondosha theluji, sahani ya samaki mkononi.

"Hii ni kamati, bibie, si mgahawa," alisema Halvick.

"Zawadi, Mwenyekiti. Nimetoka Torvik, kile kibanda cha rangi ya chungwa. Nimeambiwa huko wanakula balaa."

Uso wa Halvick ulipauka. Kamera ziligeuka.

"Kula basi," Kangas alisema taratibu. "Si unasema kila mwaka huwa unawala?"

Halvick alichukua uma. Akauinua hadi mdomoni. Jasho likamtoka, uma ukaanguka mezani.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?" mwandishi mmoja aliuliza.

Halvick alimrudishia Skaar sahani. Wajumbe wa upande wake walisogeza viti mbali naye, mmoja baada ya mwingine. Kura zilipopigwa, mswada ulipita, na wapelelezi wawili walikuwa mlangoni wanamsubiri Halvick wamhoji.

Kangas alimfuata Skaar kwenye korido. Bado alikuwa anaiogopa ile sahani.

"Huyo samaki tumpeleke wapi? Maabara?"

"Ni wa dukani, Mheshimiwa. Wa kufugwa. Nimemnunua hapo ng'ambo ya barabara."

Skaar alimega kipande, akatafuna. Kilikuwa kimepoa, lakini kitamu. Kinyaa alichokuwa nacho hakikuwa cha samaki. Halvick alijua maji yale yana sumu. Watoto wa nusu ya kaunti alikuwa radhi kuwanywesha, lakini yeye kipande kimoja kilimshinda.

Alimkabidhi Kangas sahani, akafunga zipu ya koti, akatoka nje kwenye theluji.