Sponji ya Makochi Kwenye Chuma cha Naima

Kila asubuhi kabla ya shule nilimketisha mjukuu wangu Naima mkekani, hapa kwetu Keko, nikamvisha soksi ndefu, kisha vyuma vya miguu, kisha viatu. Naima alizaliwa na mgongo wazi. Alipasuliwa akiwa mchanga, lakini miguu ilibaki dhaifu, nyayo zimepinda kwa ndani, na chini ya magoti hasikii maumivu. Hata akikanyaga mwiba, hajui. Ndiyo maana kila jioni nilimkagua nyayo, kidole kwa kidole.

Mwaka huu alirefuka ghafla, vyuma vikaanza kumbana. Aliona kisigino kimekuwa chekundu. Lakini alikuwa amenisikia nikimwambia jirani, "Mie safari za hospitali zimenichosha, hata kiuno sina." Basi akanyamaza. Akaenda kwa mjomba wake Mbwana, fundi makochi wa kando ya barabara.

"Shikamoo, mjomba. Chuma kinanisugua."

"Marahaba. Kilete! Mie nakalisha mabosi, nitashindwa na kisigino chako?"

Mbwana akakata sponji, akaifunika kwa ngozi, akaigongomea kwenye ngozi ya ndani ya chuma, pale kisiginoni, kwa vijisumari vya makochi. "Haya, sasa unatembelea sofa!" Wakacheka.

Jioni nilipotaka kumkagua, akafunika miguu kwa kanga. "Nishajiangalia, bibi. Pumzika." Kesho yake vilevile, na hata asubuhi akawa anajivisha vyuma mwenyewe. Nami, kwa uchovu, nikamwachia.

Mpaka siku niliyofua soksi zake nikakuta damu imekauka. Nikamvua kiatu na chuma. Kijisumari kilikuwa kimetokeza na kuchimba kisigino, kidonda kinanuka.

"Naima! Nini hiki?"

"Hakiumi, bibi," akasema, machozi yakimtoka. "Sikutaka uchoke."

Hospitalini daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu. "Kimekaribia mfupa. Mngechelewa zaidi, tungezungumza habari ya kukata mguu." Akamkataza kukanyaga mpaka kipone. Nikawa nambeba mgongoni, msichana mkubwa vile, chooni na uani, huku wenzake wakienda shule. Mbwana alikuja kusaidia kumbeba, wala hakuleta utani tena.

Kidonda kilipofunga, fundi wa vyuma wa hospitali alimpima upya, akamtengenezea vingine. Naima alisimama, akatembea taratibu mpaka nje ya mlango wa fundi. Nikamketisha kwenye benchi.

"Sikia, mjukuu wangu. Kuchoka kwangu, nikilala kunapungua. Kidonda hakilali. Miguu yako haiwezi kukwambia inaumia, kwa hiyo macho yako yaione na mdomo wako useme, siku hiyohiyo. Na chuma kikibana, anakigusa aliyesomea vyuma, siyo fundi makochi. Ukinificha kwa kunihurumia, unanizidishia mzigo."

"Nimeelewa, bibi."

Akainama, akautazama mguu wa kushoto.

"Bibi, naona chuma hiki kinabana hapa, karibu na goti."

Nilivuta pumzi. Nikamshika mkono, tukageuka, tukarudi ndani kwa fundi.