Faili Lililokataa Kufutika

Jirani yetu Zuleika, binti wa Kinubi wa Makindye, si mtu wa kuzua. Kazi yake ni kompyuta, na kompyuta hazina porojo. Asubuhi ile alifika ofisini kwao Mengo, kampuni ndogo inayotunza rekodi za wagonjwa wa zahanati kadhaa, akanywa chai yake, akabeba laptopu, akaenda kufungiwa.

Ndiyo, kufungiwa. Diski ziliwahi kuibwa pale, na tangu hapo bosi wao, Obura, alikuwa na utaratibu wake: fundi akiingia chumba cha seva, zile kompyuta kubwa zinazohifadhi rekodi, anafungiwa kwa nje kama mbuzi, hatoki mpaka kazi iishe. Ojara, aliyemfundisha Zuleika kazi, alifungiwa vivyo hivyo mwaka jana, siku ambayo kipoza hewa kilikuwa kimekufa. Alitolewa maiti. Obura akamwambia mjane, Aryemo, kwamba mumewe alikuwa amelewa chakari. Ojara huyo, mlokole aliyekuwa akinusa hata sharubati kabla ya kuionja! Aryemo alizika mume na aibu pamoja, na watoto wake, Olal na wadogo zake, bado wanachekwa na wenzao. Zuleika alilimeza jambo hilo lakini halikushuka. Alitaka kitu kimoja tu, jina la Ojara lisafishwe.

Sasa, kila siku seva zao za Linux zilijinakili zenyewe, kupitia mtandao wa mle ndani, hadi kwenye mashine moja ya akiba. Wiki hiyo bakapu, yaani nakala hizo, zilikuwa zinakatika njiani, na Obura alifoka kuwa ni uzembe wa wanawake. Zuleika akasoma mashine inalalamika nini. Diski imejaa. Ilikuwa imejazwa na faili moja, lililozidi kukua huku analitazama. Lilitoka kwenye kompyuta ya Ojara, iliyouzwa wiki aliyozikwa.

Alilifuta. Likarudi. Akaizuia anwani ya kompyuta ile isiingie. Likaja tu. Hasira zikampanda, akaenda kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao, akachomoa moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa mkononi mwake.

Taa ya tundu moja, tupu kama mengine, iliendelea kuwaka na kuzima.

Akalifungua faili. Lilikuwa sauti tupu. Mtu anagonga mlango, polepole, kwa adabu ya mtu asiyetaka kusumbua. Kisha kwa nguvu. Kisha kifua kinakoroma, pumu ile aliyoijua. Kisha Ojara mwenyewe, chini sana.

"Boss, fungulia mimi. Pumzi iko naisha."

Zuleika hakulia. Alipiga mlango mateke mpaka Obura akaja kufungua, akamwekea ile sauti. Obura alisikiliza kidogo tu. Akamwambia atoke na afunge mdomo, atalifuta mwenyewe. Akaingia, akaurudisha mlango. Ufunguo ulibaki kwa nje.

Mpaka leo Zuleika anaapa hakuugusa. Husnah wa mapokezi alikuwa amesimama ubavuni mwake, naye anaapa hivyo hivyo.

Ndani, mtu akagonga. Polepole. Kwa adabu.

"Si iko wazi?" Husnah alinong'ona.

Ulikuwa wazi, umerudishwa tu. Komeo lilikuwa halijafungwa. Akagonga tena, sasa kwa nguvu, mlango ukatetemeka. Zuleika alitamani amwache. Sikufichi, alitamani aondoke, akale chakula cha mchana, arudi jioni. Badala yake alitoa simu, akampigia mtu, kisha akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

Obura alianguka kifudifudi miguuni pake.

"Nilisikia yeye," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuwa nakula. Nikasema amalize kazi kwanza."

Zuleika akamwekea simu mdomoni. "Rudia. Mama Olal anasikia."

Akarudia. Upande wa pili Aryemo akauliza, bila kupandisha sauti, "Alikuwa amelewa?"

"Hapana."

"Sema kwa nguvu. Watoto wako hapa."

Akasema kwa nguvu. Ofisi nzima ilisikia.

Kebo ziliporudishwa, bakapu zikakamilika siku ile ile bila hitilafu, na faili halikuonekana tena. Wenye elimu zao wamemwambia Zuleika kuwa swichi ilikuwa mbovu, naye hawabishii. Lakini Husnah ndiye aliyempelekea Obura chai asubuhi ile, na alimwona kidevu kimenyolewa hadi kinang'aa. Mle ndani Obura alikaa muda mfupi kuliko chai inavyopoa. Walipomgeuza chali pale sakafuni ili apate hewa, ndevu zake, nyeupe zote, zilikuwa zimefika kifuani.