Nguzo Nyekundu za Maji Mafu

Kila siku akitoka shule, Chamima alipitia kwenye banda la pweza kabla ya kufika nyumbani. Banda lilikuwa pembeni mwa ufuo wa Palma, na humo ndimo kikundi cha mama yake, Bi Dalila, kilimopimia pweza. Bamvua ikifika na maji yakatoka mbali, wanawake kumi na wanne walishuka mwambani na fimbo zao zenye ncha, wakachokoa pweza mashimoni. Maji mafu yakifika, mwamba haukauki. Basi waliiacha bahari wakaenda kupalilia mpunga, kama walivyofanya bibi zao.

Ukutani mwa banda Bi Dalila alichora kwa mkaa siku za mwezi mwandamo, na mbele ya kila siku alitia mstari mmoja kwa kila kilo. Chamima, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyeinakili hesabu hiyo kwenye tableti. Kikundi kilipewa tableti mwaka ule ambao Palma nzima haikuzungumza ila habari za gesi iliyogunduliwa baharini. Kambi za wafanyakazi zilikuwa zinajengwa, na wafanyakazi wanataka kula. Tableti ilizigeuza kilo kuwa nguzo za rangi, na wanunuzi walizifungua kwenye kompyuta zao ili waamue waagize nini. Ukurasa huo waliuita paineli.

Taabu ilikuwa rangi. Siku ya kilo kumi au zaidi ilikuwa ya kijani, na chini ya hapo ni nyekundu, hata sifuri. Maji mafu yakiingia, paineli iliwiva wekundu wiki nzima. Chamima alichukia kweli. Mama yake anaamka kabla ya adhana, halafu kidude hiki kinamwonyesha kuwa mvivu? Siku moja akazichota kilo za bamvua, akazigawa kwenye siku za maji mafu. Siku zote zikawa kijani, nguzo zikasimama sawasawa kama meno ya chanuo.

Olinda, aliyekaa naye dawati moja, alimchungulia.

"We Chamima, tarehe nane si mlikuwa shambani? Mbona umeandika kilo ishirini na moja?"

"Jumla ya mwezi ni ileile. Nimemwibia nani?"

"Sijui. Muulize mama yako."

"Mama hasomi tableti," Chamima alimkatiza, akaendelea na mchezo wake miezi mitatu.

Ndipo ukaja kwenye tableti ujumbe wa Senhor Henrique, mkuu wa jiko la kambi mpya. Aliandika: "Kuanzia Jumatatu, kilo ishirini kila siku." Jumatatu ilikuwa ya maji mafu. Chamima alimwendea mama yake.

"Mama," alisema, "jikoni kambini wanataka pweza kuanzia Jumatatu."

"Alhamdulillahi! Tutawapelekea tutakachopata."

Yale ya kilo ishirini aliyameza. Alijua anafanya vibaya, akayameza vilevile.

Jumatatu wanawake walihangaika majini wakapata kilo nne. Jumanne, tatu. Jumatano mchana gari lilifunga breki mbele ya banda, na Senhor Henrique akashuka hata mlango hakuufunga.

"Mamá Dalila, watu mia wamekosa chakula kwa sababu yenu! Mmenidanganya!"

Bi Dalila alikuwa akinoa fimbo yake. Aliiweka chini polepole, na Chamima, aliyekuwa kwenye mizani, akajua hapo pana moto.

"Nimekudanganya nini, Senhor? Nilikwambia lini nina pweza wa kila siku?"

"Paineli imeniambia! Kwa ajili yake niliwaambia wakubwa sihitaji friza ya pili, nitapata pweza wabichi kila siku. Friza imepelekwa kambi nyingine. Tazama! Tarehe nane, kilo ishirini na moja!"

"Tarehe nane tulikuwa shambani wote, matope mpaka magotini!" Bi Dalila alipaza sauti. "Tuna miguu, hatuna mapezi! Mtu mzima unakuja kwangu kunizushia? Kidude chako ndicho kinachosema uongo. Nakitupa baharini leo hii, na pweza wetu hutawaona tena!"

"Vema! Kesho lori la samaki kutoka mbali litaanza kuleta. Sina kazi na waongo."

Bi Dalila alikwisha kuinyakua tableti. Hatua kumi zaidi, na kikundi kingepoteza mnunuzi mkubwa kuliko wote waliowahi kumpata, tena kwa sifa ya uongo ambayo hakikuistahili.

"Mama, usitupe!" Chamima alipiga kelele. "Ni mimi! Senhor hajazusha. Kilo za bamvua nimezihamisha mimi. Na aliandika kilo ishirini kila siku, nikakuficha."

Bi Dalila alimtazama binti yake mpaka Chamima akatamani apigwe, yaishe. Hakupigwa.

"Kwa nini?"

"Nguzo nyekundu, mama. Nilidhani wanunuzi watawaona nyinyi wavivu."

"Kwa hiyo ukanionea haya." Mama alimsogezea tableti kwa hasira. "Kazi yangu naijua mimi na bahari. Wewe ndiye uliyeiona aibu! Kaa hapo. Ukuta huu hapa. Andika upya siku zote tisini, nasi tunakutazama."

Kazi ilikula alasiri nzima. Chamima alisoma mkaa siku baada ya siku, machozi yakidondokea kioo. Senhor Henrique, aliyekuwa akitaka kuondoka, alivutwa na mchoro uliokuwa ukitokea. Kila mwezi nguzo zilipanda mara mbili na kushuka mara mbili, bila kukosa.

"Ngoja," alisema. "Vilima viwili kila mwezi?"

"Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu," Bi Dalila alijibu kwa ukali. "Hata mtoto wa hapa anajua. Ungeuliza."

Senhor Henrique alikuna kidevu. Kosa la kutouliza lilikuwa lake, naye hakulikataa. "Basi nitaidai friza yangu. Bamvua niletee kilo arobaini kwa siku, nigandishe nusu. Maji mafu nitapika hiyo, nanyi mlime mpunga wenu."

"Hivyo tunaweza," alisema Bi Dalila. "Lori lako?"

"Lirudi lilikotoka."

Friza ilirudi. Bamvua iliyofuata pweza walikwenda kambini kama walivyokubaliana. Kisha maji mafu yakaingia tena, na Chamima akasimama mbele ya tableti na Olinda ubavuni. Aliandika sifuri. Wekundu ukatokea. Akamtazama Olinda, kisha akatuma.

Bi Dalila, ambaye tangu siku ile alikuwa bado akimjibu kwa mkato, aliweka jembe begani.

"Mwanangu," alisema, "ile sifuri imemwambia Henrique afungue friza, na watu watakula. Ishirini zako za uongo ziliwalaza na njaa. Mtu akikuuliza hali yako ili aamue jambo, mwambie ilivyo, hata kama si nzuri. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, chukua jembe lako. Mpunga unatusubiri."